Mzee Ndani ya Bangili

Mtaa mzima ulimwita Kibano, na jina alilopewa na mama yake lilikuwa limepotea zamani, kama hereni iliyodondokea mtaroni. Alikuwa sonara. Kibano chake cha kushikia vito vidogo kilishinda mfukoni mwa shati na kulala chini ya mto, na wenye midomo mirefu walieneza kwamba hata wali aliula kwa kibano, punje baada ya punje. Waongo hao. Alikitumia kwa samaki tu, kutolea miiba.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Walifanyia kazi chumba kimoja, cha mbele, chenye dirisha moja. Walipokuwa vijana waliligombania dirisha hilo mpaka wakakubaliana kuligawa: meza ya sonara kushoto, cherehani kulia, migongo imegeukiana kama watu waliokosana. Hawakukosana. Ndivyo walivyozungumza maisha yao yote ya ndoa, kila mmoja akiongea na ukuta wake, na ukuta wa mwenzie ukijibu.

Na katikati ya maneno kulikuwa na sauti moja: ti, ti, ti. Ilikuwa bangili ya mke ikigonga ukingo wa meza ya cherehani kila alipovuta kitambaa. Sonara aliizoea hata akawa anapiga nyundo kwa mwendo wake. Siku mke akienda sokoni, kazi ya mume ilikwenda mrama, na yupo mteja mmoja aliyepata pete yenye umbo la kiazi kwa sababu tu vitunguu vilikuwa vimekwisha nyumbani.

Bangili yenyewe Kibano aliitengeneza akiwa bado anajifunza kazi. Mwalimu wake alikuwa mkali wa kukausha mate mdomoni, lakini alikuwa na huruma moja: vumbi la fedha lililoanguka sakafuni jioni, la mwanafunzi. Basi Kibano akawa anafagia hata chini ya miguu ya paka. Na kwa kuwa siku zile alikuwa na nywele, tena nywele za kusimulia, kila jioni alizikung'uta juu ya gazeti, na fedha ikadondoka kama unga. Alikusanya, akayeyusha, akagonga, akaviringisha, akachonga vijani, majani madogo madogo, kuzunguka kote. Kisha akaanza kung'arisha. Mwalimu alikuwa na sharti moja kwa kila kitu kinachotoka mezani: kama hujauona uso wako humo ndani, hujamaliza. Kibano aling'arisha mpaka akauona uso wake, na nywele zote, na pengo la jino. Kipara kilikuja baadaye. Mkewe husema nywele zote ziliishia kwenye bangili.

Siku ya harusi ilipitishwa mkononi kwa sabuni, bibi harusi akilia na kucheka. Haikutoka tena.

Picha ya harusi hawana, na hilo lina kisa chake. Mpiga picha alikuja na suti na kamera ya filamu, akawapiga wakiwa wamesimama, wakiwa wamekaa, wakiwa wamezungukwa na mashangazi. Halafu akaenda kula, akaiacha kamera kitini. Bwana harusi, mtu wa kupenda vitu vyenye springi, hakuweza kujizuia. Alitaka tu kuona ile filamu inajiviringishaje. Akafungua mgongo wa kamera juani, mchana kweupe, akachungulia, akaridhika, akafunga. Filamu nzima ikaungua. Tangu hapo, kila walipokosana kidogo, ukuta wa kulia ulikuwa na neno moja tu la kumalizia ubishi: "Wewe nyamaza. Wewe si ndiye uliyefungua mgongo wa kamera?" Na ukuta wa kushoto unanyamaza.

Sasa mwaka mmoja, uzee ulipoingia, mikono ya mke ikaanza kuvimba. Kwanza pete haikuingia, kisha kidole cha shahada kikakataa kukunjika, mwisho kiganja chote kikajaa kama andazi. Binti yao alimpeleka kwa daktari. Daktari akaishika bangili, akajaribu kuizungusha, ikagoma. Akasema inakaba mishipa, ikatwe kabla ya Ijumaa, vinginevyo vidole vitaanza kufa ganzi na havitarudi.

"Mume wangu ni sonara," mke akamwambia.

"Afadhali," daktari akajibu. "Atakata vizuri kuliko mimi."

Jioni ile Kibano alisikia habari hizo huku amegeukia ukuta wake. Hakugeuka. Alikohoa tu, akasema, "Nitakata, kisha nitaiunga. Utakapopona hutajua ilikatwa wapi."

"Nitajua."

"Nitalehemu vizuri."

"Najua utalehemu. Lakini vijani vya hapo vitaliwa na msumeno, na wewe utachonga vipya, na vipya havitakuwa vimechakaa kama hivi." "Sikatai kukatwa, baba watoto. Lakini kwanza nipigie picha. Picha moja ya maana, ikiwa mkononi mwangu, nzima. Nakudai picha mimi."

Kibano akapiga moyo konde. Simu yao ilikuwa ya kubonyeza, yenye picha kama zimepigwa ndani ya uji. Kesho yake asubuhi akavaa shati la kutokea, akaenda duka la kamera.

Muuza kamera alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mwenye mdomo usiojua Jumapili. "Karibu mzee wangu! Unapiga nini? Harusi? Wanyama? Wajukuu?"

"Bangili."

"Bangili inakimbia?"

"Haikimbii. Iko mkononi mwa mke wangu."

"Na mke wako anakimbia?"

"Angetaka kukimbia, angeshakimbia zamani."

Muuza kamera akacheka mpaka kaunta ikatikisika. Akamshushia kamera kubwa nyeusi yenye pua ndefu kama ya tembo. Hii, alisema, inauona mwezi na mashimo yake. Kibano akaona kama inauona mwezi, bangili itaishindaje? Muuza kamera alimruhusu aende nayo akaijaribu, mradi aache kitu cha kumrudisha. Kibano akapapasa mifuko. Akatoa kioo chake cha jichoni, kile cha kukuzia, ambacho bila hicho sonara hana tofauti na mtu anayepanga kokoto. Akakiweka juu ya kaunta.

"Hicho unakihitaji, mzee."

"Kaa nacho tu."

Nyumbani mke akanyoosha mkono juu ya meza, dirishani. Kibano akasogea karibu, kama anavyosogelea kazi yake siku zote, pua imegusa. Kamera ikanguruma, ikasogeza pua mbele, ikarudisha nyuma, mbele, nyuma, kama mzee anayetafuta mlango wa choo. Alipobonyeza, bangili ilitoka kama moshi. Lakini nyuma yake, ukutani, kalenda ilionekana vizuri hata namba ya simu ya wauza mbolea ilisomeka.

"Hii inapenda vya mbali," mke akasema. "Kama wanaume fulani."

Akairudisha. Akapewa ndogo, ya kuingia mfukoni, yenye taa yake mwenyewe. Ile nayo ilikuwa na papara. Ikimulika, fedha inawaka, na kwenye picha bangili haimo. Liko jua dogo limekaa mkononi mwa mama wa watu. Mke alikaa anapepesa macho mpaka saa ya chai, akamwaga sukari kwenye sufuria ya maharage.

Ya tatu muuza kamera aliitoa kabati la chini, akaipanguza kwa tumbo la shati. Haikuwa kubwa wala ndogo. Pembeni ilikuwa na kitufe kilichochorwa ua.

"Ua la nini?" Kibano akauliza.

"Ukibonyeza hapo inakubali vitu vya karibu. Sogea mpaka karibu iguse. Halafu taa zima, tumia dirisha. Na usiishike, iweke juu ya miguu hii mitatu, maana mikono ya binadamu inapumua." Kisha akaingiza mkono mfukoni. "Chukua na kioo chako, mzee. Nakuamini."

"Kaa nacho," Kibano akasema, akatoka haraka kama aliyeiba.

Alipofika nyumbani alikuwa na furaha ya mtu aliyepata kifaa sahihi, na furaha hiyo ndiyo iliyomponza. Kwa sababu kabla ya kupiga hata picha moja, mikono yake ilifanya ilichofundishwa. Ilichukua kitambaa laini, ikatia dawa, ikaanza kung'arisha bangili, palepale mkononi, taratibu, ikikwepa ngozi iliyovimba. Hajawahi kutoa kitu mezani kikiwa na giza. Aling'arisha mpaka akauona uso wake.

"Unanitekenya," mke akasema.

"Tulia."

"Siku ile ya sabuni pia ulisema tulia."

Akabonyeza ua, akabonyeza kitufe. Akatazama kioo cha nyuma ya kamera. Maajabu! Vijani vyote vilikuwa wazi, hata mikwaruzo midogo kama njia za sisimizi. Lakini katikati ya bangili alikuwepo mzee mmoja. Mzee wa kutisha: kipara kama boga, pua imejaa uso mzima, jicho moja limefumbwa. Kibano akageuka nyuma kuangalia nani ameingia. Hakuna mtu. Akapiga tena. Mzee yuleyule, safari hii mdomo wazi. Akahamia kulia, mzee akamfuata. Akapiga magoti, na mzee naye chini.

Akaifunga kamera kwenye taulo, akarudi dukani anahema. "Hii mbovu. Ina mzee ndani."

Muuza kamera akachukua, akatazama picha ya kwanza. Akatazama ya pili. Akamtazama Kibano. Akaiweka kamera chini polepole, akashika kaunta kwa mikono miwili, na kicheko kilichomtoka kilifanya mtu wa duka la viatu, upande wa pili wa barabara, atoke nje kuuliza kama kuna msiba.

"Mzee wangu," alisema alipopata pumzi, "hebu mwangalie vizuri huyo mzee. Humjui?"

Kibano akaangalia. Kipara. Pua. Jicho. Akavuta kofia chini.

"Umeing'arisha?"

"Lazima."

"Basi umejitengenezea kioo, halafu unalalamika unajiona." Akafuta machozi, akamweleza bila kejeli tena: kitu kinachong'aa hupigwa ndani ya kibanda cheupe. Atundike shuka, mkono na bangili viwe ndani, kamera ichungulie kwa tundu dogo. Hapo fedha itaona weupe tu, haitaona mtu.

Kibano alishukuru, akageuka kuondoka. "Kioo chako!" muuza kamera akaita. Yeye akajifanya kiziwi.

Alijenga kibanda cha shuka dirishani kwa kamba na vibanio vya nguo, katikati ya meza ya sonara na cherehani. Mke aliingiza mkono ndani kama anayetafuta yai kwenye tundu la kuku. Vidole vyake vilikuwa vimeanza kubadilika rangi, lakini kwa kuwa vilikuwa ndani ya shuka, hakuvionyesha, wala hakuvisema. Kamera ikachungulia tunduni. Picha ikatoka.

Ilikuwa picha safi. Fedha ilikuwa nyeupe kama maziwa, kila kijani mahali pake, hakuna mzee, hakuna dirisha, hakuna kitu. Kibano alivimba kifua. Hata mwalimu wake angekosa la kusema.

Mke aliitazama muda mrefu.

"Ya nani hii?"

"Ya nani? Yako!"

"Yangu ilikuwa na chumba ndani yake," mke akasema. "Kila nikishona naiona. Dirisha limepinda, mlango umepinda, na wewe nyuma yangu umepinda, na mgongo wako huo. Nikitaka kujua kama umekasirika sigeuki, nakuangalia humu. Unadhani najuaje ukiiba sukari? Hii uliyonipigia ni bangili ya dukani. Haijawahi kukaa na mtu."

Kibano akakaa kitini. Miaka yote alidhani anaongea na ukuta, kumbe alikuwa anatazamwa.

"Basi narudisha," akasema, akainuka. "Nitatafuta kamera nyingine. Ipo nyingine pale, niliiona, ina—"

"Kaa."

Akakaa.

"Kioo chako cha jichoni kiko wapi?"

Kibano akatazama ukuta wake. Ukuta haukumsaidia.

"Dukani."

"Dukani kinafanya nini?"

"Nimekiacha rehani."

"Wewe ambaye ulikataa kumwazima ndugu yako nyundo?" Sauti yake ikashuka. "Baba watoto. Bila kioo hicho unaweza kukata bangili mkononi mwa mtu?"

Kibano akakigeuzageuza kibano mfukoni.

"Hizi kamera, mara hii inaona mwezi, mara hii ina mzee. Wewe hutafuti kamera. Unatafuta Ijumaa ipite."

Mlango ukasukumwa, na binti yao akaingia, akiwa bado na kapu la kazini. Alikuta shuka limetundikwa, baba amejikunyata, mama amenyoosha mkono. Akalifunua shuka. Akaona vidole.

"Mama! Tangu lini viko hivi?"

"Tangu asubuhi. Vinauma kidogo."

"Vinauma au havisikii?"

Binti akakibonyeza kidole kimoja kwa ukucha, na mama hakushtuka. Kibano aliona hilo. Uso wake ukabadilika, kama mtu aliyeona moto unakaribia pazia.

"Baba, leo. Siyo kesho, siyo Ijumaa. Leo, au namchukua sasa hivi hospitali wakate kwa mkasi wa mabati."

"Kioo changu," Kibano akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Kiko duka la kamera. Kimbia, mwanangu. Mwambie na kamera hii hairudi."

Binti akatoka shoti, kapu akaliacha mlangoni.

Wakabaki wawili. Kibano akang'oa shuka kwa mkupuo mmoja, vibanio vikaruka hadi chini ya cherehani. Mwanga wa dirisha ukamwagika mezani. Akaweka kamera juu ya miguu yake mitatu, akabonyeza ua, akainama.

"Nione," mke akasema. "Ile ya harusi sikuiona. Safari hii nataka kuona unachofanya."

"Huwezi kuona, mkono wako uko huku."

"Shingo ninayo."

Akainuka kidogo, mkono ukiwa palepale mezani, akapitisha kichwa chake kando ya kichwa cha mume, shavu kwa shavu, wakichungulia wote kioo kidogo cha nyuma. Alinukia mafuta ya cherehani. Kibano alikuwa hajakaa naye karibu hivyo mchana kweupe tangu watoto walipojifunza kufungua milango.

"Usiguse nyuma," mke akanong'ona.

"Haina mgongo wa kufungua siku hizi."

"Usiguse hata hivyo."

Wakaanza kucheka, mke kwanza, kisha mume, na Kibano akabonyeza palepale, kicheko kikiwa katikati.

Binti aliporudi na kioo, alikuta baba amekwishapanga vitu vyake: msumeno mwembamba kama uzi, kipande cha nta cha kuulainishia, na kipande cha bati laini alichokikunja kingo zake ili kisikwaruze. Alilipitisha bati kati ya ngozi na fedha, polepole, akipuliza kama anapoza uji wa mtoto. Akaweka kioo jichoni. Akakata. Mke aligeukia dirisha na hakusema lolote, na hiyo peke yake ilikuwa ajabu ya kutangazwa. Msumeno ulilia kwa sauti nyembamba, kijani kimoja kikawa vumbi, vumbi likaanguka kwenye karatasi aliyoitandika. Kisha akashika pande mbili, akazitanua, na bangili ikafunguka.

Vidole vilibaki vilevile kwa muda, binti akivisugua. Halafu rangi ikaanza kurudi, toka kiganjani kwenda juu. Mke akasema, "Aaa! Vinachoma!" na binti akaketi sakafuni akalia kwa furaha.

Kibano aliinua bangili kwenye mwanga, kwa mazoea. Akageuza ndani. Huko ndani hakukuwahi kufika dawa wala kitambaa chake. Kulikuwa kunang'aa kuliko nje, kumelainishwa na ngozi tu, miaka kwa miaka, kwa ung'aavu ambao yeye hakuwahi kuupata kwa kitu chochote alichokitoa mezani. Akaiweka kwenye kijisanduku chake cha vitu asivyouza. Vumbi la kile kijani akalikunja ndani ya karatasi, akalitia humohumo.

Picha waliichapisha kubwa, ikatundikwa juu ya dirisha, mahali ambapo kuta zote mbili zinaiona. Kila mteja anayeingia anaona mkono uliovimba na bangili ya zamani iliyochakaa, na huuliza kwa nini sonara ametundika kitu kisicho kizuri. Anaambiwa asogee. Akisogea anaona, ndani ya fedha, dirisha lililopinda, na mbele ya dirisha wazee wawili wenye vichwa kama maboga, wamebanana shavu kwa shavu, vinywa wazi. "Ndiyo picha yetu ya harusi," mke humwambia. "Ilichelewa kidogo kutoka."

Mkono ulipopungua, alirudi kwenye cherehani. Siku ya kwanza alishona mpindo mzima, na Kibano kwenye meza yake hakupiga hata nyundo moja. Kulikuwa na mlio wa sindano tu. Chumba kilikuwa kikubwa ghafla, kama nyumba iliyohamwa.

Basi akatoa kibano mfukoni, bila kugeuka, akaanza kugonga ukingo wa meza. Ti. Ti. Ti.

Cherehani ikasimama. Ikaanza tena. Ikaenda kidogo.

"Unakosea," ukuta wa kulia ukasema. "Ilikuwa inagonga nikivuta, siyo nikisukuma."

"Nitajuaje unavuta, na mimi nimekupa mgongo?"

"Geuka basi."

Akachukua kiti chake, akakigeuza.